Mchumba Asiyetoa Mji

Mtu asiye na chombo cha kazi simwamini upesi. Seremala ana randa, mshonaji ana cherehani, hata mwizi ana waya wake wa kufungulia kufuli. Kwa hiyo mjukuu wangu alipokuja kusimama karibu na cherehani yangu akaniambia kuna mtu anataka kuja kujitambulisha, sikuuliza kama ni mzuri wala kama ni mrefu.

"Anafanya kazi gani?"

"Ni mwanafizikia, Bibi. Wa nadharia. Yuko pale chuo kikuu."

"Anafundisha?"

"Kidogo. Kazi yake hasa ni utafiti."

"Anatafiti kwa kutumia nini?"

Akatazama kucha zake. "Kalamu. Na ubao."

"Basi?"

"Anafikiri, Bibi."

Nikasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Kufikiri nami nafikiri, na sijawahi kuona mtu akiniita mtaalamu.

Huyu mtoto nimemlea mwenyewe, na sababu ya kumlea ndiyo iliyonifanya niulize. Baba yake alipokuja kumposa binti yangu alisema ni mhandisi wa madaraja. Alikuja na kofia ngumu ya manjano na maneno laini. Muda wote tuliokaa naye hatukuona hata ubao wa kuvukia mtaro. Siku alipotoweka aliacha ile kofia tu. Mpaka leo natunzia vibanio vya nguo humo. Binti yangu akaenda kutafuta kazi mbali, mtoto akabaki kwangu, akakua, akasoma, sasa anapima macho katika duka la miwani. Huko ndiko alikompata huyu wa kalamu na ubao. Alikwenda kubadilisha miwani, akawa anarudi kila mara akidai inamlegea.

Nilipompigia binti yangu simu kumpa habari, alisema, "Mama, mimi macho yangu yalishanidanganya. Neno lako ndilo litakuwa neno langu. Ukisema ndiyo, waje wakubwa wake. Ukisema hapana, yaishe hapo hapo." Mjukuu wangu naye akasema amekubali. Alisema kwa sauti ndogo, lakini alisema.

Mzigo ukawa wangu.

Alikuja Jumapili mchana, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Tukamkaribisha sebuleni. Mdogo wangu, ambaye ni seremala na karakana yake iko uani kwetu, aliacha kazi akaja kuketi na vumbi la mbao nyweleni. Hakutaka kupitwa.

"Mwanangu," seremala akaanza, "tumesikia unatafiti. Unatafiti nini?"

"Maada ya giza, Babu. Ni kitu kimejaa kote angani. Hakitoi mwanga, hakizuii mwanga, lakini kina uzito."

"Umekiona?"

"Hakionekani."

"Umekishika?"

"Kinapita katikati ya mkono. Hata sasa kinapita."

Seremala akatazama mkono wake, akaupindua, kisha akanitazama mimi. Nalijua jicho lile. Ndilo analoitazamia mbao iliyoliwa na wadudu kwa ndani.

"Kumbe mpima macho amempata mtafuta visivyoonekana," akasema. "Sasa miwani ya nini?"

Tukacheka, na mgeni naye akacheka. Halafu ghafla, kama mtoto aliyekumbuka shairi la kukariri, akasema, "Lakini kitaonekana, Babu. Mwaka huu, ukizidi sana mwakani. Na mahesabu yaliyokitabiri yatakuwa yangu." Alipokuwa akisema hivyo hakututazama sisi. Alimtazama mjukuu wangu.

Nikaliweka hilo moyoni.

Nyumbani kwangu mgeni haondoki bila kutegwa.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega."

"Kipofu mwenye jicho moja anamwongoza mwenye mkia mrefu."

"Sindano na uzi."

Nikamtega kingine, akakitegua kabla sijafunga mdomo. Na kingine. Mtu mwingine hapo katikati angejikuna kichwa, angesema amekwama, nami ningemwambia, "Nipe mji." Angenipa mji wowote autakao, ningekwenda huko kwa maneno, nikarudi na jibu. Ndiyo raha ya mchezo wenyewe. Huyu hakutoa hata kijiji.

Basi nikamtega kile changu. "Nina nyumba, mlango wake umo ndani ya ufunguo."

Akafumba macho kidogo tu. "Ni fikra, Bibi. Ukishapata ufunguo wa fikra, mlango umo humo humo."

Seremala akapiga paja. Mjukuu wangu akang'aa kama sufuria mpya. Mimi nikatabasamu kwa mdomo tu, kwa sababu kitendawili kile hakina jibu. Nilikitunga zamani kwa mzaha. Baba yake mjukuu wangu alikitegua papo hapo. Alisema ni moyo wa mwanamke, nasi tukampigia makofi. Tangu hapo sikitegi kwa mzaha.

Mgeni alipoaga nikamwambia, "Mwanangu, siku nyingine niletee kazi uliyoandika, niisome."

Akasita. "Itakuchosha, Bibi. Zile zimeandikwa kwa watu wachache sana."

Mjukuu wangu akadakia kwamba mvua inakuja, akamshika mkono akamtoa nje. Mbingu ilikuwa kavu kama ungo.

"Unamwonaje, Dada?" seremala akaniuliza tulipobaki wawili.

"Anajua mno."

"Labda kitendawili chako kina jibu, ila wewe hulijui."

"Nimekizaa mimi, nisimjue baba yake?"

Akarudi kwenye randa yake akitikisa kichwa.

Kesho yake nikavaa viatu vya kutembelea nikaenda maktaba. Mkutubi wetu ni mama wa makamo anayenong'ona hata akiwa sokoni. Nikamwambia nataka kazi za mtu fulani, nikamtajia jina.

"Ni nani wako huyu?"

"Bado hajawa wangu. Ndiyo maana nimekuja."

Akaandika jina kwenye kompyuta. Akanieleza kwamba watu wa nadharia wana ghala lao kwenye mtandao. Wanaweka makala zao humo na mtu yeyote anazisoma bure, hata kabla hazijakaguliwa na wenzao.

"Kabla ya kukaguliwa?" nikauliza. "Kwa hiyo hata tapeli anaweza kuweka yake?"

"Kuna mlinzi mlangoni, Bibi. Lakini mlinzi si hakimu."

Jibu hilo halikunituliza. Makala ikatokea. Majina manne juu, la kwake la mwisho kabisa. Chini yake ni alama tupu: mikia, vibanzi, herufi za kigeni zimepandiana mabegani kama watoto wanaochungulia dirishani. Kiingereza changu ni cha shule ya msingi, kinatosha maandishi ya chupa ya dawa. Lakini hapa hata Mkutubi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na mambo yakawa yale yale.

Nikachukua nakala nikampelekea seremala. Aliigeuza juu chini, akaona haileti tofauti. "Wa nne kati ya wanne," akasema. "Dada, huyu ndiye aliyekuwa anawabebea mifuko."

Nikarudi maktaba na neno hilo. Mkutubi akacheka, mabega tu yakitikisika. "Watu wa nadharia wengi hujipanga kwa alfabeti, si kwa ukubwa wa kazi. Jina la ukoo wake linaanza na herufi ya mwisho. Hata angefanya kazi yote peke yake, wenzake wamelala, bado angekuwa mkiani."

Hilo nikalikubali. Shuleni mimi nilikuwa wa kwanza kuitwa kila asubuhi, na haikuwa kwa akili.

"Kosa letu," akaendelea, "tumeanza na maneno ya fundi kwa fundi mwenzake. Tusiingilie mlango huo. Tutafute makala ambayo fundi anamwandikia mwanagenzi."

Akanionyesha. Kuna makala za mapitio, ambapo mtu anakaa chini anakusanya yaliyofanywa na wengi, anasema lipi limesimama na lipi limeanguka. Kuna mihadhara iliyoandikwa kwa wanafunzi wanaoanza. Kuna majarida ya walimu wa fizikia, ambao wakiandika wanakumbuka kwamba yuko mtu nyuma ya darasa hajaelewa. Kichwa cha makala kikisema ni utangulizi, simama hapo ubishe hodi. Soma muhtasari wa juu, soma kurasa za mwanzo, kisha ruka uende mwisho. Ukikutana na alama katikati, zipite kama unavyopita ugomvi wa majirani: salimia, usiingie.

"Na nitajuaje kwamba huyo mwandishi naye hanidanganyi?"

"Tazama kama ilipita kwa wakaguzi ikachapishwa kwenye jarida. Tazama kama wengine wameitaja. Halafu tazama kama kuna mahali anasema 'hatujui'. Asiyesema, mwogope."

Nikamtazama mwanamke yule upya. Wasiwasi wangu ulikuwa umepata mwenzake.

Haikuwa rahisi. Makala ya kwanza ilijiita utangulizi, lakini ukurasa wa pili tu ikatutupa katikati ya alama na kutuacha humo. Nyingine ilieleweka vizuri sana, Mkutubi akaikagua, akakuta hakuna mwenzake yeyote aliyewahi kuitaja. Tukaiweka pembeni kama samaki mwenye harufu. Ndipo tukapata ya mwalimu mmoja wa chuo cha mbali, mwanamke, iliyotokana na mihadhara ya wanaoanza. Tulikaa kwenye kona ya magazeti ya zamani, Mkutubi akiisoma na kuigeuza Kiswahili kwa mnong'ono, mimi nikimwinamia kama anayeungamishwa.

Mwalimu yule aliandika kwamba ukifunga ndoo kwa kamba ukaizungusha, ni kamba inayoizuia isiruke. Ukiongeza kasi, unahitaji kamba imara zaidi. Sasa, nyota za ukingoni mwa makundi makubwa ya nyota zinazunguka kwa kasi kuliko inavyoweza kuzuiliwa na vitu vyote vinavyoonekana humo. Zilipaswa kuruka. Haziruki. Kuna kamba, na kamba haionekani.

"Kumbe ni kitendawili," nikasema. "Nashikwa, simwoni anishikaye."

"Ndicho hicho. Na kimetegwa muda mrefu, Bibi."

Nyumbani mjukuu wangu alianza kuninusa.

"Bibi, siku hizi unakwenda maktaba kufanya nini?"

"Napimwa macho."

"Si ungekuja kwangu?"

"Kwako nitaonyeshwa unachotaka nione."

Akatoka kwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka, na hilo pia nikaliweka moyoni. Kwa kawaida ana jibu.

Wasiwasi ulikuwa umepungua nusu, maana kile kitu chenyewe hakikuwa cha kubuni. Nusu iliyobaki ilirudi siku tuliyoruka kwenda mwisho wa makala. Huko mwalimu alikuwa anataja mapendekezo ya watu mbalimbali kuhusu ile kamba imefumwa kwa nini. Jina nikaliona mwenyewe bila msaada, kwa ile herufi yake ya mkiani. Mkutubi akasoma sentensi, akaisoma tena.

"Anasema pendekezo lao lilikuwa zuri. Lakini vyombo vilivyofukiwa chini ya milima kukitafuta hicho kitu havijaona chochote, na karibu pendekezo lote limeshaondolewa. Imebaki pembe ndogo tu."

"Ameandika lini?"

"Mwaka juzi."

Mwaka juzi. Naye amekaa kwenye kiti changu akasema kitaonekana mwaka huu, ukizidi sana mwakani. Kwa hiyo alikuwa mwanafizikia wa kweli, na alikuwa mwongo. Sikujua kama hiyo ni nafuu. Mhandisi wetu wa madaraja alikuwa mwongo mtupu, basi. Huyu alikuwa na ubao wa kuandikia uongo wake.

Nikapiga mstari chini ya sentensi ile, nikatuma aitwe.

Alikuja na shati lile lile la mikunjo. Seremala alikuja na futi yake mkononi, sijui alitaka kumpima nini. Sikuweka chai. Chai huwalainisha watu, nami sikutaka mtu alainike.

"Mwanangu, ile kazi yako nimeisoma. Na ya wanaokusema pia."

Nikaweka karatasi mezani. Akainama, na uso wake haukubadilika nilivyotegemea. Ulifunguka, kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini.

"Hii ni nzuri sana," akasema. "Hii ndiyo ninayowapa wanafunzi wangu waanzie. Umeipataje, Bibi?"

"Nimeitafuta. Soma hapo palipopigwa mstari."

Hakusoma. "Napajua."

"Ni kweli?"

"Ni kweli. Imebaki pembe ndogo, nami nafanya kazi kwenye hiyo pembe. Pengine humo hamna kitu."

"Mbona ulituambia kitaonekana mwaka huu?"

Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni, na nikaona jinsi kijana alivyokuwa akiizuia shingo yake isigeuke huko. Siku ya kwanza alimtazama. Leo alikuwa anamkinga.

"Nilikosea," akasema. "Ni maneno yangu."

"Si maneno yake," mjukuu wangu akasema. "Ni yangu."

Futi ya seremala ikarudi ndani ya kibweta chake kwa kelele.

"Mimi ndiye niliyempa ya kusema, Bibi. Nilimwambia humpendi mtu wa 'sijui'. Nikamwambia akitegwa asitoe mji hata kwa dawa. Vile vitendawili vyako nilimfundisha mwenyewe, dukani, kati ya mteja na mteja."

"Na kile cha ufunguo?"

"Hicho hata mimi sijui jibu lake."

"Nilibuni," kijana akasema, akitazama karatasi. "Nilikuwa nimeahidi kutotoa mji. Nikasema linalosikika vizuri. Halafu Babu akapiga paja, nikazidi kuona aibu."

"Kumbe," seremala akasema taratibu, "mwanafunzi aliibia mtihani, na mwenye kumwingizia majibu ni mtoto wa mwalimu."

Sikucheka. "Nani alikwambia simpendi mtu wa 'sijui'?" nikamwuliza mjukuu wangu.

"Wewe, Bibi. Kila aliyewahi kuingia humu ndani ulimhoji kama askari wa lango. Aliyesita ukasema anaficha. Asiyesita ukasema amekariri. Nikaona kati ya hayo mawili bora asisite."

Seremala akakohoa. Kikohozi kile nakijua pia. Ni cha kukubaliana na mtu mwingine bila kunikosea adabu.

Niseme niliguswa? Niliguswa. Lakini sikuwa nimemaliza. Mtu aliyesema uongo wa kufundishwa anaweza kusema na ukweli wa kufundishwa, na wale wawili walikuwa na duka zima la kufanyia mazoezi. Nilitaka kitu ambacho mjukuu wangu hawezi kumpa.

"Kitendawili," nikasema.

Akashtuka. "Tega."

"Nina nyumba, mlango wake umo ndani ya ufunguo."

Hakufumba macho safari hii. "Hiki kimenisumbua tangu siku ile, Bibi. Ile fikra niliyosema haikai, nilijua nilipofika barabarani. Nikajaribu mbegu. Mbegu inakaribia, lakini mbegu si ufunguo wa nyumba, ni nyumba yenyewe imejikunja. Nikajaribu swali, kwamba ndani ya swali mna pa kuingilia. Nalo linavuja." Akavua miwani, akaiweka juu ya ile karatasi. "Sijui."

"Basi nipe mji."

Mjukuu wangu akaziba uso kwa viganja, akaacha mwanya wa kuchungulia.

"Nakupa mji nilikozaliwa," kijana akasema. "Una barabara moja tu, na mama yangu yumo, kwa hiyo uende taratibu."

"Nimekwenda," nikamjibu. "Nimemkuta mama yako hajambo. Nimerudi mikono mitupu. Kitendawili hicho hakina jibu, nilikitunga mwenyewe."

Akanitazama kwa macho yake mabovu yasiyo na miwani, akaanza kucheka, cheko la mtu aliyetuliwa gunia. "Heri wewe unapokea mji, Bibi. Hicho chetu cha kamba tumekitolea miji yote, na aliyekitega hasemi kitu."

"Mjukuu wangu," nikasema, "weka maji ya chai. Na wewe hatujamalizana, usifikiri."

Tulikunywa chai, naye akaanza kutueleza kazi yake upya. Kila alipofika pasipojulikana alisema, "Hapa hatujui, Babu," na seremala akasema, "Endelea," kwa heshima ambayo kwa kawaida huiweka kwa ajili ya mbao ngumu.

Jioni nikampigia binti yangu.

"Umempima, Mama?"

"Nimempima. Kazi yake ni ya kweli. Na alituongopea."

Nikamwahi kabla hajasema lake.

"Uongo ulishonwa na mwanao," nikasema, "yeye aliuvaa tu. Leo nimemtega tena kile cha ufunguo."

"Akasema nini?"

"Ametoa mji."

Binti yangu anakijua kile kitendawili. Jibu la kwanza kabisa lililopata kutolewa aliolewa nalo.

"Mji gani?" akauliza mwishowe.

"Wa mama yake."

"Kwa hiyo, Mama?"

"Kwa hiyo waje wakubwa wake," nikasema. "Ila waambiwe kabisa, nitawahoji."